Alipozikwa Kijana wa Lukuba
Siku Jenerali Fidelis Ngatunga alipostaafu, madaktari wa jeshi walimfuta kumbukumbu zote za utumishi wake, kama sheria ilivyotaka kwa kila ofisa mkuu. Alirudi nyumbani mpole, akamwuliza mkewe Adelina watoto wao walizaliwa lini.

Adelina alikumbuka yote: nishani, na vijana wa Lukuba waliopakiwa kwenye malori kwa amri ya mumewe wasionekane tena. Tume mbili ziliundwa, zote zikavunjwa, kwa kuwa mshtakiwa hakuwa na la kukumbuka.

Asubuhi moja akaja mama mzee kutoka Lukuba, Bi Siwema, na picha ya mwanawe.

"Sikuja kushtaki, baba. Nionyesheni tu alipozikwa."

Jenerali aliishika picha kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Pole sana, mama. Ni mnyama gani aliyekutenda haya?"

Bi Siwema akamgeukia Adelina. "Na wewe, mwanangu?"

Adelina alijua. Mumewe aliwahi kumtajia machimbo ya kokoto walikozikwa vijana wale, jioni moja, akivua buti. Lakini kwa sheria hiyohiyo, mke aliyetoa siri alifutwa kumbukumbu naye pia, na wanawe wasingebaki na mzazi wa kuukumbuka utoto wao.

"Sijui, mama," akasema.

Jenerali alimsindikiza mgeni hadi getini, akarudi bado analia.

"Mke wangu, lazima tumtafutie mwanawe."

"Kunywa chai, inapoa," Adelina akamjibu, bila kumtazama.