Kibali cha Kuingia Chumbani

Sheria ilisema gorila akilala mahali usiku mmoja tu, hapo ni hifadhi. Ndiyo maana Kambale, tangu afiwe na mkewe Kavira na gorila kuhamia chumbani mwao, aliingia nyumbani kwake kwa kibali, kwa muda wa saa moja tu kwa siku, na kulala jikoni uani.

Asubuhi ile aliwapanga wageni wawili mlangoni.

"Suruali ndani ya soksi. Barakoa usoni, mwenye mafua arudi hotelini. Mkae hatua kumi. Dume akikukazia macho, inama, usithubutu kukimbia."

"Umesomea wapi haya, mzee?" mgeni mmoja aliuliza.

"Waliosoma ni wakubwa, waliochora mpaka wa hifadhi hadi kitandani kwangu bila hata hodi. Mimi naishi na gorila wenyewe."

Chumbani, jike alikuwa amejifungua juu ya kitanda cha Kavira. Kambale alitunisha kifua.

"Wanangu watano walizaliwa hapo hapo," alinong'ona.

Askari wa hifadhi akamvuta pembeni. "Hongera, mzee. Ila familia imeongezeka. Dume ameanza kutandika majani ya kulalia jikoni."

Kambale akawageukia wageni, kichwa juu.

"Kesho njooni mapema," alisema. "Nitawaonyesha na jikoni."