Pimbi na Undugu wa Tembo

Palikuwa na Pimbi, mkaaji wa mawe asiyemzidi sungura kwa kimo, ila kwa majivuno hakuwa na mfano. Siku moja Nungunungu, mpenda kuchimbua mifupa ya kale, akamwambia, "Wewe na Tembo mmetoka kwa babu mmoja. Tazama meno yenu."

Pimbi akafoka mbele ya Tembo mwenyewe. "Mimi na huyu mwenye pua kama bomba? Babu yangu alishuka kwenye safina ya Nuhu akiwa pimbi kamili!"

Tembo, kwa upole wake, akajiondokea.

Masika yakaja. Mto ukafurika, maji yakalizingira jiwe la Pimbi, na watoto wake wakaanza kulia. Mara akapita Tembo, maji yakimfika tumboni.

"Kaka! Kaka Tembo!"

"Leo nimekuwa kaka?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Damu nzito kuliko maji."

Tembo akacheka, akanyoosha mkonga, akawapandisha wote mgongoni. Pimbi akashusha pumzi.

"Basi maneno ya Nungunungu umeyakubali," Tembo akasema. "Na safina je, umeitupa?"

"Niitupaje," akajibu Pimbi, akiling'ang'ania sikio la nduguye, "nami ndiyo kwanza nimeipanda?"