Piko Nyuma ya Kitufe

Fundi aliwasha tena kile kimoto kidogo cha hita ya gesi ya kupashia maji, akakaa akikitazama mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa. Hakikuyumba.

“Dada, hita yako haina ubovu,” alimwambia Mwanakombo. “Kuna mtu anaizima.”

Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe Hafidhi, na mama mzazi wa Mwanakombo, aliyekuja kukanda magoti kwa maji ya moto. Tangu kimoto kianze kuzimika, Hafidhi hakuchoka kusema kwamba mama angetunzwa vizuri zaidi kwa mwanawe wa kiume.

Asubuhi Mwanakombo alikoroga piko, ile rangi nyeusi ya maharusi isiyosikia sabuni, akaipaka ikiwa mbichi nyuma ya kitufe cha hita.

Mchana maji yalikuwa baridi tena. Akapakua wali. Mama alinawa, vidole vyake safi. Hafidhi, ambaye siku zote huwacheka wanaokula wali kwa kijiko, leo aliomba kijiko, mkono wa kulia kauficha chini ya meza.

Mama akamnyooshea. Kijiko kikabaki hewani juu ya sinia, na hakuna mkono uliokuja kukipokea.