Kuku wa Bi Mejumaa

Ustadh Jamaldin alikuwa ameingiza mkono mmoja tu kwenye kanzu Bi Mejumaa alipofika barazani na kutaka isomwe Halbadiri siku ileile.

"Kuku wangu meibwa, Mwalimu. Nataka mwizi avimbe tumbo."

Ustadh alimaliza kuvaa kwanza. Halbadiri si jambo la mzaha. Mji wa Kale mzima unajua: ikishasomwa, aliyekula cha mtu tumbo humjaa likawa kama ngoma, na dawa ya hospitali haimfai kitu. Tena haina upendeleo. Anayeisomesha kwa uongo humrudia mwenyewe.

"Ni kuku wa rangi gani?" aliuliza.

"Mwekundu. Lakini ana weupe. Na weusi kidogo, ukimtazama kwa nyuma."

"Una hakika meibwa, hakupotea?"

Bi Mejumaa alifikiri, uso ukalegea. "Basi na isomwe Ijumaa, baada ya Alasiri. Leo ni Jumatatu. Tuwape watu nafasi watubu."

Ustadh akaona kweli mwanamke huyu ana imani.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imezunguka kila kichochoro, maana mwenye kuku aliieneza mwenyewe, mlango kwa mlango. Hakuna aliyemlaumu. Binti yake Nasiha alikuwa amerudi nyumbani na watoto watatu tangu mumewe akose kibarua Kilindini, na watu watano hao walikuwa wakigawana yai moja la dukani, likikaangwa na vitunguu vitatu ili lionekane mawili. Kuku wa kutaga katika nyumba kama hiyo ndiye tonge la watoto. Kumwibia mjane wa namna hii ni unyama, na anayebisha na abishe.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Huyu, kwa maelezo ya mwenyewe, alikuwa akitaga mara mbili kwa siku.

"Mara mbili?" aliuliza Nekesa, jirani wa chini, aliyefuga kuku wake uani na ambaye hakuwahi kuuona muujiza huo tangu azaliwe kwao Bungoma. "Na mbona sijawahi kumsikia akilia?"

"Kuku mwenye adabu hapigi kelele," Bi Mejumaa alimjibu. "Si kama wa watu wengine."

Nekesa hakukasirika. Alimwonea huruma tu; aliyeibiwa haachi kuongeza chumvi.

Jumatano asubuhi alikuja Ishaq, fundi wa milango, na kuku mweusi kwapani.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu si yule wako wa juzi. Mwaka juzi kuku wa mtu aliruka ukuta akaingia karakanani kwangu. Sikuuliza ni wa nani, tukamla kwa wali wa nazi. Sasa mwenyewe simjui, na tumbo langu silichezei. Mpokee wewe, roho yangu itulie."

Bi Mejumaa alimpokea kwa ncha za vidole, akamshika mbali na buibui lake kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Ishaq aliteremka ngazi akijipapasa kitovu.

Alhamisi Tsofa, msukuma mkokoteni wa maji, alileta wawili bila maelezo, akaomba tu aombewe. Kabla ya magharibi akapanda Griffins, mume wa Nekesa, karani wa bandarini, na jogoo ndani ya kapu.

"Mimi ni Mkristo, Bi Mejumaa. Mambo haya hayanihusu," alisema, kisha akashusha sauti. "Lakini sijui kama tumbo linajua hilo. Na tafadhali, mke wangu asisikie."

Ijumaa, ubani ulikuwa umeshawashwa na watu wamejaa barazani kwa Ustadh, tumbo la kila mmoja likiwa limebanwa vizuri chini ya mikono yake. Ustadh mwenyewe hakuwepo. Alikuwa juu kwa Bi Mejumaa, jasho linamtiririka, na kuku wa madoadoa miguuni pake.

"Mwezi wa Shaabani aliniingilia kuku mlangoni," alisema. "Nikadhani ni riziki. Bi Mejumaa, siwezi kuisoma dua ile na mimi mwenyewe nimo."

Waliteremka pamoja. Bi Mejumaa akasimama mbele ya halaiki, akajifunga mtandio vyema.

"Nimesamehe," alisema. "Isisomwe. Aliyemla kuku wangu, Mungu amzidishie."

Wanawake walitokwa na machozi. Ishaq alimshukuru Mungu kwa sauti. Watu waliapa kwamba hawajaona moyo mkunjufu kama ule katika mji huu wenye kesi za kuku kila wiki, na aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote alikuwa Ustadh Jamaldin.

Juu, chumbani, kuku wanne na jogoo mmoja walikuwa wamepanda kitandani wakipiga kelele za kutosha kuuamsha mtaa. Watoto wameketi sakafuni wakiwatazama, wakingoja mayai. Nasiha alikuwa amechanganyikiwa.

"Mama, nadhani wana njaa hawa."

Bi Mejumaa, aliyekuwa bado hajathubutu kuvuka kizingiti, alimvuta binti yake karibu na kumnong'oneza.

"Shuka kwa Nekesa. Umuulize taratibu, kama kwamba wamuulizia mtu mwengine: kuku hula nini?"