Wanao Walale Humu

Fuko alichimba njia yake ya kwenda kwenye karanga, akapita chini ya nyumba ya Nguchiro bila hata kupiga hodi. Ardhi ikatitia, ukuta ukaingia ufa. Nguchiro akaukandika kwa udongo mbichi. Kulipokucha, udongo ule nao ulikuwa umepasuka palepale.

"Bwana Fuko, nyumba inazama na wanangu wamo ndani!"

"Ufa wa zamani huo, mama. Wanao wanarukaruka mno. Mimi ni fundi, nakwambia nyumba ni imara."

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Fundi kashasema.

Nguchiro, aliyekesha akiutazama ukuta, akafungua mlango wazi. "Vizuri. Leo wangu watalala kwako, na wako walale humu."

Fuko akaruka. "Wanangu? Humo? Una wazimu? Si ukuta utawaangukia!"

Majirani wote wakamgeukia.

"Kumbe unajua!" akafoka Nguchiro. "Basi kafukie shimo lako. Na mpaka umalize, wangu wako kwako."

Fuko akaanza kufukia, huku watoto wa Nguchiro wakirukaruka juu ya kitanda chake.