Safu Isiyo na Pengo

Kwenye skrini, atomu elfu sita, ubongo wa mashine ya kufungua maandishi ya siri, ziling'aa kwa safu kama mtama ulioanikwa, kila moja imeshikwa na uzi wake wa mwanga. Wiki iliyopita zilikuwa elfu moja tu. Zaituna ndiye aliyeziongeza, na kwa desturi ya maabara ile, anayeongeza atomu huandika siri yake, huifunga kwa namba ngumu, kisha huiachia mashine ijaribu kuifungua.

Kwa miaka minne mashine haikuwahi kufungua hata moja, na watu walikwishazoea kuandika lolote. Safari hii Zaituna, akiamini nayo haitafunguka, aliandika kweli tupu: mahali alipojificha kaka yake, anayetafutwa na polisi.

Printa ikakohoa. Bwana Kasoga, mkuu wa maabara, akamuwahi Zaituna kuichukua karatasi.

"Imefungua," alisema. Akasoma tena, polepole. "Nyuma ya kinu, mlango wa bluu. Ndivyo ulivyoandika, Zaituna?"

"Ni maneno ya majaribio tu, mkuu."

"Hongera. Mashine imekua." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Ongeza elfu sita nyingine. Ziko barua za siri za watu wengi zinasubiri kusomwa."

Akatoka huku akibonyeza simu.

Zaituna akageukia skrini. Katikati ya safu, atomu moja ilizimika. Kabla hajapepesa jicho, mwanga ulivuta nyingine kutoka kwenye akiba, ukaiweka pale pale, na safu ikajaa kana kwamba hakuna aliyeondoka.