Shahidi wa Nyumbani

Katika nchi ile, hakuna aliyepewa zabuni ya serikali bila kibali cha usalama, na kabla ya kibali watu wa nyumbani kwako walihojiwa kwa siri. Nyamizi, fundi cherehani, alinyimwa zabuni ya kushona sare za wanajeshi. Akaamua kukata rufaa.

"Mama, sababu ya kunyimwa ni siri," karani alimwambia. "Kuisoma nako kunahitaji kibali kingine."

"Basi nitakitafuta hicho kibali."

Alikihangaikia miezi minane, akakipata. Akaonyeshwa jalada lenye mstari mmoja tu. Mumewe, Masanja, aliulizwa kama mkewe anaaminika, akajibu: "Sina hakika."

Nyamizi aliapishwa asimwambie mtu yeyote, akarudi nyumbani na fomu ya rufaa.

"Wamesemaje, mama Kabula?" Masanja aliuliza.

"Siruhusiwi kusema."

Fomu ilimtaka athibitishe kwamba asiyeaminika ni shahidi. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa, na mambo ya kuandika hayakukosekana. Alivuta kiti akaanza kuandika, huku Masanja akimmiminia chai na kumwuliza kama aongeze sukari.